Kola ya kwanza: uliza kwanza itatokaje

Mgeni wa mambo ya BDSM, yaani mapenzi ya kufungana, kutawala na kutii kwa makubaliano, akianza kutafuta kola, ule mkanda wa shingoni, huuliza rangi, kisha bei. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: stima ikipotea sasa hivi na mikono inatetemeka, kola hii itatoka shingoni kwa sekunde ngapi? Ikizidi sekunde 5, si ya anayeanza, hata iwe imeshonwa vizuri namna gani.

Shingo si kiuno. Mbele kuna bomba la hewa, na kila upande kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Mishipa hiyo miwili ikibanwa sawasawa, mtu huzimia ndani ya sekunde kama 10, mara nyingi bila kukohoa wala kuhangaika. Tena pale mshipa unapogawanyika, chini kidogo ya taya, kuna sehemu inayopima presha ya damu. Ikigandamizwa, moyo wa baadhi ya watu hupunguza mwendo ghafla. Ndiyo maana hakuna kiwango salama cha kukaba. Kola ni ya kuhisiwa, haifai kubeba uzito wa mtu hata kidogo.

Kipimo chukua kwa tepu ya fundi wa nguo, chini ya shingo pale kola itakapokaa, si juu karibu na taya. Tuseme umepata sentimita 35. Ongeza 3, kisha kumbuka kitu ambacho hata mafundi wazuri hukisahau: mkanda mnene ukikunjwa kuwa duara, upande wa ndani hupungua. Ngozi ya milimita 4 yenye bitana ya milimita 2 hupoteza karibu sentimita 2 ikishakunjwa. Kola iliyopimwa ikiwa imelazwa mezani ikakaa sawa, shingoni itabana. Mwambie fundi atoboe matundu angalau matano, yaachane kwa sentimita 1. Yale ya sentimita 2 au 3 kama ya mshipi wa suruali yatakuacha kati ya kubanwa na kuning'inia.

Ikishavaliwa, vidole viwili vilivyolazwa vipite chini yake kuzunguka shingo nzima. Mvaaji ameze mate, ageuze kichwa kushoto na kulia, ainame, alale chali. Wengi hupima wakiwa wamesimama wima mbele ya kioo, halafu wanashangaa kola inabana wakipiga magoti.

Bizimu la kawaida, lile la mshipi, lina kasoro moja ambayo huijui mpaka siku unayoharakisha. Ili ulifungue, lazima kwanza uvute mkanda ukaze zaidi, kama sentimita 1, ndipo ule msumari utoke tunduni. Kwenye kiuno haidhuru. Kwenye shingo ya mtu ambaye tayari anahisi kubanwa, unambana zaidi kabla ya kumwachilia. Kwa hiyo kola ya kwanza iwe na kifungo cha plastiki cha kubonyeza pembeni kama cha begi la shule, au velkro. Bizimu litakuja baadaye, na hata hapo kola ikae na nafasi ya kutosha kuruhusu ile sentimita moja.

Soko la Kariokor, Nairobi, utapata mafundi wa ngozi wanaoshona viatu, mikoba na mishipi, na kola kwao ni kazi ya saa chache. Utaulizwa ni ya nini. Ukijibu kwamba ni ya mbwa, utafanyiwa ya mbwa: ribiti zitachomoza upande wa ndani na kingo zitaachwa kali kama zilivyokatwa. Sema ni ya maonyesho ya mitindo, inagusa ngozi ya mtu. Kisha taja unachotaka: upana wa sentimita 3 hadi 4, kingo zilizosuguliwa zikawa mviringo, bitana ya ngozi laini ya mbuzi inayofunika vichwa vya ribiti, na pete ya umbo la D iliyoshikwa kwa mshono na ribiti pia. Pitisha ulimi wako kwenye bitana kabla ya kulipa. Unacheka, lakini ulimi huhisi msumari uliochomoza ambao kidole chenye sugu hakiuoni. Kola ya upana wa sentimita 6 na zaidi iache kwanza; hiyo husukuma taya juu na kuchosha shingo upesi.

Wenye ngozi inayowasha wakivaa saa au hereni za bei rahisi wajihadhari na nikeli kwenye bizimu na pete. Sumaku husaidia kidogo: ikishika kwa nguvu, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, na jasho litakitia kutu. Stenlesi ya daraja la 316L ni chaguo zuri. Shaba ikiacha rangi ya kijani shingoni, hiyo peke yake si mzio, inaoshwa. Aliyetoka kwa kinyozi na kunyolewa shingo kwa wembe angoje siku moja au mbili, la sivyo vipele vitafuata. Rasta, misuko na wigi vifungwe juu kabla ya kola kuwekwa. Nywele zikinaswa kwenye bizimu ndipo watu huanza kuvutana kwa hasira.

Siku ya kwanza ivaliwe dakika 15, itolewe, muangalie ngozi. Wekundu usioisha baada ya nusu saa maana yake kingo ni kali au kola imebana. Mkiongeza muda, ongezeni kidogo kidogo. Usiku itolewe. Aliyelala hawezi kusema nyekundu, neno la usalama la kusimamisha kila kitu.

Sasa kamba ya kumwongozea mvaaji, ile inayoshikizwa kwenye pete, maana hapa ajali hutokea kwa urahisi. Pete ikae mbele na kamba ivutwe kuelekea mbele tu, ili mguso uangukie nyuma ya shingo penye misuli. Ukivuta kutoka nyuma, mzigo wote unaishia kwenye koo. Usiifunge kamba kwenye kitanda, mlango wala grili ya dirisha, hata kwa dakika ya kwenda jikoni; mtu akiteleza, mwili wake wote unaning'inia kwenye shingo. Usiizungushe mkononi pia. Ukianguka wewe, unamvuta naye. Kati ya kamba na pete weka kitanzi cha uzi mwembamba wa pamba na ukijaribu kwa mkono: mvuto wa ghafla ukikate. Ngazi za ploti hupandwa na kushukwa bila kamba. Kola ya kitanzi kinachokaza kikivutwa isiingie nyumbani. Anayetaka kuvutwa kwa nguvu avae mikanda ya kifuani, mzigo ubebwe na mbavu.

Neno la usalama mnalijua, lakini koo likibanwa sauti inaweza kupotea. Mvaaji ashike kitu mkononi, fungu la funguo kwa mfano. Likianguka, kila kitu kinasimama. Kizunguzungu, masikio kuvuma, macho kuona giza, sauti kukwaruza: fungua kwanza, uliza baadaye. Akizimia, mlaze ubavu na hakikisha anapumua. Asipoamka mara moja, piga 999 au 112. Na hata akiamka akacheka, sauti ikibaki imekwaruza, akimeza kwa maumivu, au akipata maumivu makali ya kichwa, vidoa vyekundu machoni au udhaifu wa upande mmoja, aende hospitali siku hiyohiyo, ajieleze waziwazi kwamba shingo ilibanwa. Mshipa uliochanika kwa ndani unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye.

Kufuli dogo linapendeza, sikatai. Lakini jaribuni kila ufunguo mmoja mmoja kabla ya kufunga, na wa akiba utundikwe mahali ambapo mvaaji anaufikia mwenyewe. Fanyeni mazoezi ya kulifungua gizani kwa kupapasa. Nunueni pia mkasi wa vyuma wa inchi 12 kwenye hadiwea yoyote, na hakikisheni unakata shingo ya kufuli mlilonunua. Pete ngumu ya stenlesi inayofungwa moja kwa moja ni habari nyingine: hakuna kifaa cha nyumbani kitakachoikata salama ikiwa shingoni. Mnaoitaka baadaye, gawanyeni mzunguko wa ndani kwa 3.14 mpate kipenyo. Sentimita 38 ni kipenyo cha 12.1.

Mwenzi anayekataa mvaaji awe na ufunguo wa akiba, au anayeleta kola wiki ya kwanza mkijuana na kusema haitoki bila ruhusa yake, huyo hafuati desturi yoyote ya BDSM. Kola huvuliwa wakati wowote mvaaji akitaka. Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006, kukubali ni kuchagua mwenyewe ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua, na kileo kilichoharibu akili huondoa uwezo huo. Kwa hiyo zungumzeni mkiwa timamu: nani anaivisha, nani anaivua, na ikiwa mezani ina maana gani. Aliyelazimishwa apige 1195, simu ya bure ya kusaidia waliotendewa ukatili wa kijinsia.

Ya kwenda nayo kazini ni mkufu mwembamba tu, wenye kiungo kinachokatika haraka; mwenzako wa ofisi ataona pambo. Kwenye boda usivae kola ngumu chini ya helmeti, kwa sababu ukanda wa kidevuni unagongana nayo. Na ukilipa kwa M-Pesa, ujumbe huonyesha jina la biashara, kwa hiyo kama simu yenu hushikwa na watoto au shangazi, ulizeni duka jina la till kabla ya kubonyeza.