Umenyimwa viza ya masomo Australia? Anza na barua yenyewe

Kabla ya kutafuta wakili, jiulize ulikuwa wapi ulipoomba. Aliyeomba viza ya masomo (daraja la 500) akiwa Dar au Nairobi kwa kawaida hana pa kukata rufaa. Itabidi aombe upya, kwa hoja zilizoshiba. Aliyeomba akiwa ndani ya Australia ndiye anayeweza kwenda Administrative Review Tribunal, baraza linalopitia upya maamuzi ya serikali, lililorithi kazi za baraza la awali (AAT) Oktoba 2024. Ana siku 28, na haziongezwi hata akilazwa. Ada inapita dola 3,000 za huko. Ukishinda, nusu inarudi.

Mimi nilikuwa Melbourne. Nilianza uhasibu, nikahamia ugavi na usafirishaji, nikaomba viza nyingine wakati sharti la kuthibitisha kwamba unakaa kwa muda tu bado linatumika. Walioomba kuanzia tarehe 23 Machi 2024 wanapimwa kama ni wanafunzi wa kweli, ila maswali hayapishani sana. Barua yangu ilisema kozi kama hiyo ipo Tanzania, tena kwa bei nafuu. Kwamba nimehama fani bila sababu ya kueleweka. Na kwamba hakuna kinachonivuta nyumbani.

Ushauri wa kijiweni ulikuwa nipeleke barua ya mchungaji na hati ya shamba la baba. Sawa, lakini shamba ni la baba, na wewe una ndugu sita! Nilichofanya ni kuijibu barua ile aya kwa aya, kila jibu na karatasi yake. Nilichapa orodha ya masomo ya chuo kimoja cha Dar na ya chuo changu, nikaziweka bega kwa bega na kupigia mstari yale yasiyofundishwa kwetu. Kuhusu kuhama fani, mjomba mwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini aliandika cheo atakachonipa, kazi zake na mshahara kwa shilingi, akaambatisha leseni ya kampuni. Ile "tutampokea akirudi" haina uzito wowote.

Na usithubutu kuchonga taarifa ya benki. Wakiibaini, mlango unaweza kufungwa miaka mitatu.

Wengi huangukia hapa: baraza linatazama hali yako siku ya uamuzi, na kesi inaweza kukaa zaidi ya mwaka. Ukiacha chuo ukisubiri, cheti chako cha usajili wa kozi, CoE, kinakufa, na kesi inafia hapo kabla hata hujaulizwa habari za kurudi kwenu. Lipa ada ya chuo, hudhuria, faulu.

Ukiitwa kusikilizwa, unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili, bure. Mimi niliulizwa, "Kwa nini usisome hapo Dar?" kwa namna tatu tofauti. Jibu kwa ufupi, ukionyesha ukurasa. Ukishinda, baraza halikupi viza. Linarudisha faili kwenye idara iliyokunyima viza, na kusubiri kunaanza upya.

Ukipata msiba nyumbani wakati kesi inaendelea, usipande ndege na viza ya mpito aina ya A, ile ya kukaa nchini ukisubiri uamuzi. Hiyo hufa ukivuka mpaka. Omba kwanza aina ya B, na uambatishe ushahidi wa msiba.