Muulize Mjomba: Kale kaglasi ka Waserbia kabla ya chai

Wiki hii nimepata meseji tatu na zote zinahusu Waserbia, sijui kuna nini, labda ni msimu wa mlima tu. Twende.

*Shikamoo mjomba. Mimi naongoza wageni mlimani, nakaa Soweto hapa Moshi. Juzi nimeshusha Waserbia sita kwa njia ya Mweka, sasa asubuhi yao ya kuondoka wakaniita mezani hotelini, saa mbili hiyo sijagusa hata chai, mzee wao mmoja akatoa chupa ya maji ya plastiki kumbe ndani ni pombe, akanimiminia kaglasi. Mi nikaibwia yote mara moja, wakacheka sana, mzee akajaza tena, nikabwia tena. Siku hiyo nilishinda nimelala. Hivi hawa ni walevi au walikuwa wananitania?*

Marahaba kijana. Hapo ulikaribishwa, na kosa ulilifanya wewe mwenyewe kwa kubwia. Hiyo kitu inaitwa rakia, ni pombe kali ya matunda, na ile maarufu zaidi ni ya plamsi, wao wanaiita shlivovitsa. Ya dukani huwa kama asilimia 40 lakini ile ya kwenye chupa ya plastiki ni ya nyumbani, kaipika mzee mwenyewe au shemeji yake kijijini, na hizo zinafika 50 na kuzidi bila shida. Konyagi unayoijua wewe ni 35, sasa piga hesabu umebwia mbili tumboni hamna hata chapati.

Rakia inanyonywa kidogokidogo. Kaglasi kamoja mtu anaweza kukaa nako nusu saa anapiga stori, wana na katungi kao ka kioo kenye shingo nyembamba kwa kazi hiyohiyo, na pembeni pana jibini, nyama iliyokaushwa, kachumbari ya kwenye siki. Asubuhi, hasa vijijini na kwa wazee, inaenda na kahawa nyeusi ya kuchemsha na masimbi yake ndani, kamoja tu halafu mtu anaenda shambani. Mi sikusifii hiyo tabia, pombe kabla ya chai ni pombe kabla ya chai hata ukiiita utamaduni, ila ujue kwao mgeni akiingia mlangoni kinachotangulia ni hako kaglasi, kama bibi yako Kibosho anavyokupa kata ya mbege hata hujakaa vizuri. Na kitu kikubwa ni hiki: glasi tupu inajazwa. Siku nyingine mkigonga glasi mwangalie mtu machoni, sema "zhiveli", onja, iache imejaa nusu mpaka mwisho, hakuna atakayekusumbua. Wakikuambia ni dawa ya mafua na ya tumbo na ya kila kitu, we itikia tu, kila kabila lina pombe yake inayotibu kila kitu.

*Mjomba habari za kazi. Mimi ni mama wa Marangu, binti yangu ameposwa na kijana Mserbia wanafanya kazi pamoja nje, na wazazi wa kijana wanakuja mwezi ujao kutuona. Mume wangu anasema lazima mbege iwepo, mimi naogopa wataiona uchafu. Nawawekea nini? Na hivi hawa watu wanakunywa kila siku?*

Nzuri tu mama, na hongera. Kwanza mume wako yuko sahihi na nitakuambia kwa nini. Kwa Waserbia harusi yenyewe inaanzia kwenye chupa, ipo chupa bapa ya mbao imechongwa na kupambwa maua, mtu wa familia anaizungusha nyumba kwa nyumba ina rakia ndani, ukipiga funda umeshaalikwa na umekubali kuja, na wengine wanaibandika hela. Tena wapo wazee ambao mtoto wa kiume akizaliwa wanafukia pipa la rakia ardhini mpaka siku anayooa. Sasa watu kama hao ukiwaambia hapa kwetu posa haiendi bila mbege watakuelewa haraka kuliko majirani zako wa mjini. Wape kwenye kata, ila waeleze kabla kwamba ni ndizi na ulezi, ni chachu, na zile punje ni za kawaida, maana anayekunywa kitu kilichochujwa maisha yake yote atashtuka.

Pia weka bia baridi, hapo huwezi kukosea. Kwao bia ndiyo ya kila siku hasa kiangazi, zinazonyweka sana ni Jelen, ambayo kiwanda chake cha Apatin kipo toka 1756, na Lav, jina lake maana yake simba, kwa hiyo ukiwawekea bia zetu zenye mnyama kwenye lebo watajiona wako nyumbani. Mvinyo nao wanao mzuri wa kwao, wengi wanauchanganya na soda ya maji ili uwe mwepesi wakae nao muda mrefu, na vijana wanachanganya mwekundu na Coca-Cola, usiniulize kwa nini.

Kuhusu kila siku, inategemea mtu, wapo walevi na wapo wasiogusa, wengine dini imewashika na wanafunga kwa wiki kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo muulize binti mapema. Sikukuu yao kubwa ya nyumbani ni slava, kila ukoo una mtakatifu wake anayerithiwa toka kwa baba, wengi ni Mtakatifu Nikola tarehe 19 Desemba, siku hiyo kuna mshumaa, mkate, ngano ya kuchemsha, na watu wanakuja bila kadi. UNESCO waliiandika slava kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni 2014, na shlivovitsa yenyewe wakaiandika 2022. Jambo moja la mwisho mama, wakiwataja marehemu wanamwaga tone chini na hawagongi glasi. Mzee wako akiwamwagia wahenga mbege siku hiyo, usimkonyeze aache.

*Mambo mjomba, mi niko Ngaramtoni, nina plamsi kibao, naweza kupika hiyo rakia niuze Arusha?*

Poa. Hapana. Wao wanachachusha plamsi kwenye pipa wiki kadhaa, wanachemsha kwenye mtungi wa shaba, mvuke unapoa unatoka matone, na ile ya mwanzo wanaitenga hainyweki. Ukiangalia vizuri ni mtambo uleule wa gongo, na gongo hapa ni kosa, sheria inaiita pombe ya moshi na sisi watu wa Moshi tumeshazoea kutaniwa. Halafu kumwaga ile ya mwanzo peke yake hakukuhakikishii kwamba iliyobaki haina sumu ya kupofusha watu. Plamsi zako pika jamu, wageni wa safari wananunua.