Je, taasisi ya utafiti ikitetea demokrasia inafanya siasa?

Umeuliza kwa nini taasisi ya sayansi itoe tamko la kutetea demokrasia na kupinga ubaguzi badala ya kubaki maabara. Mimi naona ni kujilinda tu. Aprili 1933 Ujerumani ilipitisha sheria ya utumishi wa umma iliyowafukuza kazi Wayahudi na wapinzani wa serikali, maprofesa wakiwemo. Mwanafizikia Max Born aliondolewa Chuo Kikuu cha Göttingen akahamia Uingereza, na mwaka 1954 akapata Nobel ya fizikia. Mwanafizikia mwenzake Lise Meitner naye alitoroka Ujerumani 1938; miezi michache baadaye, akiwa Sweden, ndiye aliyesaidia kueleza jinsi kiini cha atomi ya urani kinavyopasuka. Sasa hapo nani alipata hasara?

Umoja wa Kisovyeti nao ulimfunga Nikolai Vavilov, bingwa wa mbegu, kwa kuwa elimu yake ya jenetiki (jinsi sifa zinavyorithiwa) haikuwapendeza wakubwa. Alifia gerezani 1943.

Kuegemea chama fulani ni jambo jingine kabisa, na hilo taasisi isilifanye. Ila tamko lenyewe ni karatasi (na nyingine zimeandikwa kwa ajili ya wafadhili, tuseme ukweli). Mimi huangalia mambo ya chini zaidi: nani anakaa kwenye jopo la ajira, na mwanafunzi akimlalamikia profesa anayesimamia utafiti wake, malalamiko yanapokelewa na nani? Kama yanarudi kwa profesa yuleyule, hilo tamko halijamsaidia mtu.