Subaru ya turbo inakunywa mafuta, niiuze au nijifunze kuiendesha?

Toleo hili maswali mengi yamekuja ya kufanana, watu wana gari za mbio mbio, hasa Subaru zenye turbo (ile mashine inayosukumia injini hewa ya ziada), na kila mtu analia mafuta. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwasababu mengine yote yanazaliwa humo.

SWALI: Shikamoo anko. Mwaka jana nimenunua Subaru Impreza WRX ya 2003, manyuali gia tano, gari niliyokuwa naiota toka niko sekondari. Naishi Mbezi Mwisho, kazini Posta. Sasa naweka mafuta ya elfu thelathini Jumatatu asubuhi, Jumatano taa ishawaka. Jamaa wa gereji ananiambia nitoe turbo, mwingine anasema nifungue propela shafti ya nyuma (ile fimbo inayopeleka nguvu matairi ya nyuma) ibaki kuvuta mbele tu. Mke wangu anasema niiuze ninunue Toyota IST, gari ndogo. Naipenda hii gari anko, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiiuze kwanza, na tafadhali usiguse hiyo turbo wala hiyo propela. Injini ya turbo imetengenezwa makusudi ibane hewa kidogo kuliko injini ya kawaida, kwasababu inajua turbo itakuja kujazia, kwahiyo ukiitoa unabaki na injini dhaifu ambayo utaikanyaga zaidi ili itembee na mafuta yatakwenda vilevile au kuzidi. Na propela, gari yako ya manyuali ina difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma, ukifungua upande mmoja ile difu inafanya kazi isiyo yake muda wote, inachemka, inakufa. Utaokoa elfu mbili ya mafuta ununue gia boksi.

Kingine kabla sijaenda mbali, "elfu thelathini mpaka taa" sio kipimo. Nenda sheli, jaza mpaka ile nozeli ikate yenyewe, weka tripu sifuri, tembea wiki nzima, rudi sheli ileile pampu ileile jaza tena ikate, alafu gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Ukitembea 318 ukajaza lita 44 maana yake 7.2 kwa lita. Andika kwenye simu. Fanya hivyo mara tatu ndo utajua gari yako inakula nini kweli, maana wengi wanaolia hawajawahi kupima hata mara moja wanasikilizia taa tu.

Sasa nikwambie kilichonipata mimi maana kinaweza kuwa ndo chako. Nina WRX ya umri huohuo. Kuna kipindi ilikuwa inanipa karibu 8 mjini ikashuka ghafla mpaka 6, nikabadili plagi, nikasafisha eafulo sensa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini), hamna kitu. Siku moja niko foleni Magomeni nikatupia jicho geji ya joto, mshale umelala chini karibu na C na nimeshaendesha zaidi ya nusu saa. Kumbe fundi mmoja aliyenibadilishia rejeta alitoa thamostati (kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) akaitupa, kwamba nchi yetu ya joto haihitajiki. Hii tabia imeenea sana na inaniuma. Bila thamostati injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi imetoka kuwashwa, inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama injini ya baridi, siku nzima. Nikaweka thamostati mpya na kilomita zangu zikarudi. Kwahiyo angalia mshale wako kesho, ukitembea dakika kumi haujafika karibu na katikati, anzia hapo.

Vingine vya kuangalia ni upepo wa tairi (kibandiko kiko pembeni ya mlango wa dereva, kimeandikwa kwa kPa, 230 ni kama PSI 33 kwenye mashine zetu za upepo), oksijeni sensa ya mbele (inayonusa moshi wa ekzosti ili kompyuta ipime mafuta) ambayo kwenye gari za miaka hii mara nyingi imechoka, mipira ya intakula (inayopoza hewa ya turbo) isiwe inavuja, na breki isiwe inashika. Hii ya breki ni rahisi, ukifika nyumbani sogeza mkono karibu na rimu bila kugusa, ukisikia moja ina moto kuliko wenzake kalipa, ile inayobana pedi za breki, imenata. Na tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa, fo wili ya muda wote haipendi tairi mbili mpya mbili za zamani.

Haya, tuje kwenye mguu wako maana hapo ndo penyewe. Watu wanasema turbo inakula mafuta. Sio turbo, ni busti, yani ule msukumo wa hewa turbo inapofanya kazi. Unapoenda taratibu kompyuta inachanganya kilo kama 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, kama gari nyingine yoyote, hata hiyo IST. Ukikanyaga mpaka turbo ikaanza kusukuma kweli kweli, hewa inayoingia inaongezeka, na juu ya hapo kompyuta inabadili mchanganyiko unakaribia 11 kwa 1, yani petroli kama theluthi zaidi kwa hewa ileile, kwasababu petroli ya ziada inapoza chumba cha kuchomea pistoni zisiungue. Fikiria hilo, kuna mafuta unayalipia sheli kazi yake ni kupoza injini tu, hayakusogezi hata mita moja.

Ndo maana nawashauri wote wenye gari hizi wafunge geji ya busti, ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na mafuta. Yangu iko kwenye nguzo pembeni ya kioo. Mshale ukiwa chini ya sifuri injini inavuta hewa yenyewe, ukivuka sifuri turbo inasukuma na pochi inafunguka. Nilipoanza kuiangalia nikagundua navuka sifuri kila nikitoka kwenye taa, kila nikitaka kuingia mbele ya daladala, yani mara mia kwa siku bila sababu. Sasa hivi toka Kimara mpaka Posta naweza nisivuke hata mara tano. Kanyaga kama robo ya pedali, gia ya pili mapema, ya tatu ukifika RPM 2,500 (mizunguko ya injini kwa dakika), usingoje 4,000 kwasababu sauti ni tamu. Ila pia usiingize ya tano uko 40 kisha ukakandamiza, injini inatetemeka na kompyuta itaongeza mafuta hivyohivyo na unaiumiza, ukiona inagoma shuka gia moja.

Na breki. Kila ukikanyaga breki unatupa mwendo ambao ulishaununua. Kwenye foleni ya asubuhi ile ya sogea simama sogea simama, wenzako wanavuta mpaka kwenye bampa ya mbele wanapiga breki, we acha nafasi ya gari mbili, kaa gia ya pili au ya kwanza inajitembelea, mguu hauko kwenye mafuta wala kwenye breki. Bodaboda wataingia kwenye nafasi yako, waache waingie wanapita haohao wanakwenda zao. Ukishaona taa nyekundu mita mia mbili mbele toa mguu pale pale ulipo, gia ikiwa imeingia, gari ijishushe yenyewe. Nitaeleza kwenye swali linalofuata kwanini gia ibaki ndani.

Ukienda Moro wikiendi, upepo ndo adui. Nguvu ya upepo inayokuzuia ukiwa 120 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya ukiwa 80. Kwenye kilomita 100 zilizonyooka, anayekwenda 120 anamshinda wa 90 dakika 17 tu, na kwa barabara yetu hizo dakika hazipatikani maana kuna vibao vya 50 kila kijiji, tochi, na malori kuanzia Mlandizi mpaka Chalinze. Mimi natembea 85 mpaka 90 gia ya tano, vioo nimefunga AC imewashwa, na yangu inanipa 11 kwa lita. Ukitaka kuovateki lori hapo sasa tumia turbo, shuka gia ya tatu kanyaga mpaka mwisho upite haraka urudi upande wako, hiyo ndo kazi yake na usiionee huruma petroli hapo, uhai kwanza.

Mwambie shemeji akupe miezi miwili na daftari la kilomita. Ukipata 8 mjini kwa foleni ya Mbezi shukuru, haitakuja kuwa IST, hilo nakwambia ukweli usije ukasema nilikudanganya.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu, natumia Forester ya turbo otomatiki gia nne, niko Iringa. Nikiwa nashuka Kitonga kwenda Moro nilizoea kuweka nyutro niokoe mafuta, mdogo wangu kanifokea kasema nitaua watoto. Je kweli haiokoi?

JIBU: Nzuri dada yangu, na mdogo wako kasema kweli mshukuru. Kwa gari za kabureta zamani wazee walikuwa wanaweka nyutro na kulikuwa na kitu kidogo walikuwa wanaokoa. Gari yako ni ya injekta. Ukiwa na gia ndani, mguu umetoa kwenye mafuta, gari inashuka, kompyuta inajua injini inazungushwa na matairi, inafunga injekta kabisa, petroli sifuri. Sio kidogo, sifuri, mpaka mzunguko ushuke karibu na sailensa, yani ule wa injini ikinguruma bila kukanyagwa. Ukiweka nyutro injini inabidi ijiwashe yenyewe isizime kwahiyo inakunywa. Yani kwa nyutro ulikuwa unalipia kushuka mlima ambao ungeshuka bure.

Na hilo la mafuta tuliweke pembeni, pale Kitonga kona ni kali, upande mmoja mwamba upande mwingine bonde, na kuna malori yanapanda taratibu na mengine yamekufa njiani. Gari ikiwa nyutro yote inabaki kwenye breki, breki zikichemka pedali inaanza kwenda chini kama unakanyaga sponji na hapo umechelewa. Juu kabla hujaanza kushuka weka 3, kona zikianza kubana weka 2, utasikia injini inaguna, hiyo ni sauti ya kazi sio ya kuharibika, breki unagusa tu unaachia.

Kwenye tambarare, otomatiki yako ina kitu kizuri ambacho wengi hawakijui. Ukifika kama 70 au 80 na mguu mwepesi, utaona RPM inashuka kidogo kama vile imeingia gia nyingine ambayo haipo. Pale gia boksi imejifunga na injini hakuna kuteleza. Jifunze kuitafuta ile hali na kukaa nayo, mguu usicheze cheze, ukikanyaga kidogo tu zaidi inaachia na unaanza kupoteza.

SWALI: Mambo mkuu, nasoma nikiwa Nairobi, Thika Road kila siku. Niliinunua Subaru kwa sababu ya babangu, alikuwa akitupeleka kutazama Safari Rally enzi za kina Colin McRae, dereva wa rali wa Subaru. Turbo taima yangu nimeiset dakika nne, na makanika ameniambia nitie petroli ya bei ya juu pekee. Ni lazima?

JIBU: Poa sana ndugu yangu. McRae kushinda Safari ya 1997 na Impreza nadhani ndiko kulikotuambukiza wengi huu ugonjwa, nakuelewa kabisa.

Dakika nne ni nyingi mno. Ile taima inaacha injini ikinguruma baada ya kutoa ufunguo, kusubiri turbo ipoe oili isiungulie ndani baada ya kuikimbiza. Lakini ukiwa umetoka kwenye jam ukaingia mtaani kwako polepole kilomita ya mwisho, turbo imeshapoa njiani. Weka sekunde 30 mpaka dakika moja, na ukitoka safari ndefu ya kukanyaga, tulia kilomita mbili za mwisho inatosha. Injini ya lita 2 ikisimama na AC inaweza kula karibu lita nzima kwa saa. Dakika nne mara nne kwa siku, ni zaidi ya saa moja na nusu kwa wiki injini inanguruma gari imesimama.

Kuhusu petroli, Japani kwao ya kawaida ni karibu oktani 90 (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka mapema) na ya juu karibu 100, na Subaru za turbo walizitengeneza kwa ile ya juu. Ukitia ya chini, sensa inasikia injini ikigonga (petroli ikilipuka ovyo ndani), kompyuta inachelewesha cheche ya plagi, nguvu inapungua na wewe unakanyaga zaidi. Ukiendesha kwa upole bila busti tofauti utaiona ndogo sana. Ukiwa na safari ya milima au unajua utaikanyaga, tia ile nzuri. Ikiwa imepigwa remapu, yani programu ya kompyuta yake imebadilishwa kuongezwa nguvu, hapo sina mjadala, tia ya juu kila siku, injini hizi zikigonga ukiwa kwenye busti pistoni zinapasuka.

SWALI: Boss, nimeweka rimu 18, tairi pana, na ekzosti kubwa kwenye Toyota Altezza yangu. Zinaongeza mafuta?

JIBU: Rimu na tairi ndio, uzito ulioko kwenye gurudumu unaulipia kila ukitoka kwenye taa, na tairi pana zinashika lami zaidi kuliko unavyohitaji mjini. Rudisha 16 au 17 za asili ukitaka kuona tofauti, na kumbuka mita yako ya kilomita inaweza kusoma tofauti kama mzunguko wa tairi umebadilika, hivyo hesabu zako zote za sasa zikague kwa ramani ya simu kwanza. Ekzosti yenyewe haili sana, ila inakushawishi ukanyage ili uisikie.