ULIZA FUNDI: Ile bastola ya kulehemu inapataje moto haraka hivyo?

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Natengeneza redio na simu hapa Pasua, Moshi. Pasi yangu ya kulehemu nikichomeka nasubiri weee mpaka mteja anaanza kununa. Kuna mzee jirani ana ile ya umbo la bastola, akibonyeza tu risasi ya kulehemia inayeyuka. Nani aliibuni, na itanifaa kwenye simu? Siku hizi naona hata yake inasuasua.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Aliyeibuni alikuwa fundi redio kama wewe, Carl Weller wa Easton, Pennsylvania, Marekani, na kilichomsukuma ni hicho hicho kinachokukera wewe, kungoja chuma kipate moto. Aliibuni mwaka 1941, kampuni akafungua 1945, hataza, yani hati ya haki ya uvumbuzi, akapewa 1946.

Siri iko tumboni. Mle ndani kuna transfoma, umeme wa ukutani unaingia na volti zake 230 unashushwa mpaka chini ya volti 1, lakini ampea, yani wingi wa umeme unaopita, zinapanda zinafika mamia alafu zote zinapita kwenye kile kiwaya cha shaba kilichokunjwa pale mbele, yani kiwaya chenyewe ndo kinachemka, hakingoji joto litoke kwingine, ndo maana sekunde chache tu tayari na ukiachia kidole umeme unakata. Kwa fundi anayelehemu mara moja moja huo ni ukombozi kabisa, ncha haikai inaungua kutwa nzima bure.

Ila kwenye simu usiipeleke, nakuomba sana. Ile ni ya waya nene, chasisi (fremu ya chuma ya redio), nyaya za spika. Bodi ya simu ina vitu vidogo kama punje za ulezi, joto la bastola huwezi kulipima, utabandua njia za shaba na simu ya watu imeenda. Tafuta stesheni, yani pasi yenye kisanduku cha kurekebisha joto, hasa zile hita yake imo ndani ya ncha, nazo zinawahi sana kupata moto.

Na ya mzee kama inasuasua asiitupe! Mara nyingi ni zile nati mbili zinazobana kiwaya, joto linazilegeza na shaba inashika kutu. Mwambie achomoe umeme, aache ipoe, asugue kwa msasa ncha za kiwaya, akaze nati vizuri.