Ganda la pai linasinyaa na chini linabaki bichi

SWALI: Shikamoo dada. Mi napika pai ya nyama nyumbani, kila nikioka ganda linasinyaa linashuka kwenye kingo za treya, likipoa gumu kama chapati ya jana, na chini limelowa kabisa. Siagi napima gramu 125 kwa unga gramu 250. Nakosea wapi? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vipimo viko sawa, tatizo ni mkono wa chapati! Chapati tunaikanda mpaka donge linalainika na kuvutika, yenyewe inataka hivyo, ila pai haitaki kukandwa. Unga wa ngano ukishashika maji ukaukanda unajenga gluteni, yaani protini inayovutika, donge linakuwa kama raba, ukilivuta lifike kwenye kingo za treya likipata moto linarudi lilikotoka, na ugumu unatoka hapohapo.

Siagi itoke kwenye friji ikiwa ngumu, ikate vipande, isugue na unga kwa ncha za vidole tu maana viganja vina joto, vibonge vingine vibaki saizi ya mbaazi, hivyo ndo vikiyeyuka kwenye oveni vinaacha nafasi na ganda linameguka vizuri. Maji yawe ya barafu, kijiko kimoja kimoja cha chakula, vinne au vitano, ukiminya likashikana acha hapohapo. Lifunge kwenye nailoni lilale kwenye friji nusu saa, ukishalitandaza kwenye treya bila kulivuta lirudishe dakika 20. Na joto la Tanga nalijua, ukiona donge linang'aa na kunata kwenye kibao ujue siagi inayeyuka, usiongeze unga jamani, rudisha friji dakika kumi.

Sasa huko chini. Nyama ikaushe mchuzi na ipoe kabisa, ukiitia ya moto inayeyusha siagi kabla ganda halijaiva. Halafu oka ganda tupu kwanza, toboatoboa kwa uma, tandika karatasi ya kuokea, jaza maharage makavu mpaka juu kwenye kingo ili yazishikilie, oveni iwe imeshapata moto nyuzi 200, dakika 15, toa maharage na karatasi, rudisha kama dakika 7 likauke, lipake ute wa yai uzibe vile vitundu, lipoe, ndo utie nyama. Treya ya bati inapitisha moto haraka kuliko ya kioo, na iweke rafu ya chini. Maharage hayo hayapikiki tena, yatie kwenye kopo ya pai ijayo.