Sarafu za bibi yako na maneno ya sonara

Mwanangu,

Huku hatujambo, wadogo zako wanakusalimu. Umeniuliza kama sonara anakudanganya aliposema zile shilingi za marehemu bibi yako "si fedha ya maana" (fedha ile ya madini, si pesa), ilhali ile rupia ameikodolea macho. Hakudanganyi. Ila hakukwambia kwamba fedha haikupotea yenyewe kwenye sarafu zetu. Iliondolewa, tena kwa awamu.

Anza na rupia. Yenye kichwa cha Kaizari Wilhelm II, kofia ya chuma na tai juu yake, ilianza kutolewa na kampuni ya Wajerumani mwaka 1890, na kuanzia 1904 serikali yao ikaishika kazi hiyo yenyewe na kuigawa rupia moja katika hela 100. Hawakubuni jipya. Waliiga rupia ya India, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka pwani: gramu 11.66, na karibu asilimia 92 yake ni fedha. Kabla ya hapo watu waliamini reale, sarafu ya fedha ya malkia Maria Theresa wa Austria, iliyoendelea kutengenezwa ikiwa na mwaka uleule wa 1780 muda mrefu baada ya mama huyo kufa. Sultani Barghash wa Zanzibar naye alitoa reale yake mwaka 1882. Kwa sarafu za namna hiyo hukuwa na haja ya kumjua mfalme wala kumwamini. Ulipima uzito, basi.

Bara, rupia iliingia kwa sura nyingine. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na asiye na cha kuuza ilibidi akatafute kibarua. Kwa hiyo usidhani kila aliyekuwa na rupia alikuwa tajiri.

Vita ya Kwanza ilipofika, manowari za Waingereza ziliifunga pwani na sarafu mpya hazikuja tena. Mwaka 1916 Wajerumani wakafanya kioja pale Tabora: karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha pesa. Walitoa hela 5 na 20 za shaba, na hata rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye tembo mbele ya mlima. Fedha hawakuwa nayo.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kinachoniudhi. Baada ya vita bei ya fedha duniani ilipanda, na rupia ikapanda nayo, kutoka shilingi moja na peni nne za Uingereza hadi kupita shilingi 2. Masetla wa Kenya wakalia, kwa sababu madeni yao yalikuwa kwa rupia na mazao yao waliuza kwa pauni. Walitaka bei ya zamani irudi. London ikaamua kuifunga rupia kwenye shilingi 2, kisha ikaiondoa kabisa. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kukaa hukohuko London, ilileta florini, yaani sarafu ya shilingi 2, mwaka 1920, na mwaka uliofuata ikaleta shilingi ya simba na milima.

Piga hesabu mwenyewe. Rupia moja ilikuwa na fedha zaidi ya gramu 10. Shilingi ile ilikuwa na uzito wa gramu 7.8, na robo tu ndiyo fedha, yaani pungufu ya gramu 2. Rupia ikabadilishwa kwa shilingi mbili: ulitoa gramu 10 na ushei, ukapokea pungufu ya 4. Kwenye karatasi thamani ni ileile. Nakubali Uingereza nayo mwaka 1920 iliipunguza fedha kwenye sarafu zake, lakini wao walibakiza nusu. Sisi tukapewa robo.

Hata hiyo robo haikudumu. Shilingi za 1948 na kuendelea ni shaba na nikeli tupu. Benki Kuu yetu ya Tanzania ilipofungua milango Juni 14, 1966, na shilingi ya Mwalimu na mwenge ikatoka, suala la fedha lilikwishafungwa zamani. Na sioni ubaya: nchi changa ingefungaje utajiri wake kwenye chenji ya sokoni?

Kwa hiyo tazama miaka. Za simba za 1921 hadi 1946 zina ile robo. Kuziyeyusha ni hasara, kwani sonara atapata shaba nyingi kuliko fedha. Za 1948 kwenda mbele, na zile senti zenye tundu, hazina fedha hata chembe. Rupia ichukue leo, usimwachie hata "aipime" peke yake. Na tafadhali usizisugue kwa ndimu wala majivu zing'ae. Wanaokusanya sarafu wakiona imesuguliwa hushusha bei palepale.

Baba yako